Reale ya Mzinga Tusiiuze kwa Gramu

Wanafunzi wenzangu, hasa sisi wa Ibra, Sur na Nizwa ambao nyumbani tunaongea Kiswahili, tuna mtindo mmoja siupendi. Likizo ikifika, fedha za bibi zinapelekwa kwa sonara, zinawekwa kwenye mizani, basi, kwisha habari yake.

Jamani, tujue kwanza kinachopimwa. Zamani pesa ya biashara baina ya Oman na Zanzibar ilitoka mbali. Wahispania walichimba fedha Mexico na Potosí, na kuanzia 1732 sarafu zilizopigwa Mexico zilikuwa na nguzo mbili za Hercules, kila moja na taji lake, chini mawimbi. Kwao ule ni mlango wa bahari ya Atlantiki. Watu wetu wakatazama, wakaona mizinga! Waswahili wakaiita reale ya mzinga. Halafu ikatamba reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Huyu mama alifariki 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa kwa mwaka huo huo, 1780, vizazi na vizazi. Ndani ya Oman ilitumika mpaka 1970, ilipotoka riali ya serikali. Na hilo neno riali, kama reale yetu, asili yake ni real ya Kihispania.

Masonara waliyeyusha reale hizo wakafanya bangili, mitali na majambia. Nyingine zilitungwa nzima nzima kwenye mikufu. Kwa hiyo mkufu wa bibi ni kitabu cha historia, ila hakina maandishi mengi.

Wapo watakaosema historia yenyewe ina aibu: reale hizo hizo zilinunua karafuu, pembe, na binadamu katika soko la watumwa la Unguja mpaka lilipofungwa 1873. Ni kweli kabisa. Lakini ukiyeyusha ushahidi, aibu haiondoki, bali unamsaidia anayetaka isahauliwe.

Mwenye shida ya karo auze, simlaumu. Ila kabla ya kuuza akae na bibi amuulize: alipewa na nani, ilivuka bahari lini, kutoka Unguja au kwenda? Apige picha, aandike. Sonara anajua bei ya gramu tu; hayo mengine anayajua bibi, na bibi hangoji tumalize digrii.

Mwenye maoni tofauti alete toleo lijalo.