Sonona Si Uvivu: Vikundi vya Wagonjwa Vipewe Nafasi

Mwalimu akivunjika mguu, wenzake humchangia, humtembelea na kumshikia vipindi mpaka apone. Lakini mwalimu huyo huyo akishikwa na sonona, akawa hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni, na madaftari ya wanafunzi yamerundikana mezani bila kusahihishwa, lugha hubadilika. Huitwa mvivu, mlevi, au mtu aliyerogwa. Barua ya kumtaka ajieleze humfikia kabla ya mtu wa kumjulia hali.

Mtindo huu hauna budi kukomeshwa. Sonona ni ugonjwa, kama ulivyo ugonjwa ule mwingine unaomtupa mtu kutoka kwenye huzuni nzito hadi kwenye uchangamfu uliopita kiasi, kisha ukamrudisha alikotoka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wana sonona. Ni dhahiri kwamba miongoni mwao wamo washika chaki na washika mafaili.

Tiba ipo, na hospitali kama Mirembe ya Dodoma imewahudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo, daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, kisha mgonjwa hurudi nyumbani na kazini, na huko ndiko safari ndefu inakoanzia. Katika safari hiyo, msaada mkubwa unaweza kutoka kwa wale waliokwisha kuipita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana ya vikundi vya wagonjwa kusaidiana.

Jambo hili si ndoto. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 30, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Watu wenye sonona walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona walikuwa karibu 7 katika kila 100. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa karibu 55.

Nchini Zimbabwe, mpango ulioanzishwa mjini Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda uliwaweka bibi waliofunzwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wawasikilize wenye dhiki ya moyo. Aliyekwisha kuhudumiwa benchini hukaribishwa kwenye kikundi cha wenzake, ambako watu huzungumza huku mikono ikifuma mikoba ya kuuza. Maongezi na kazi huenda pamoja.

Wako wadhaniao kwamba kumkutanisha mgonjwa na mgonjwa ni kuzidisha huzuni. Hoja hiyo ilitolewa pia kuhusu watu wenye virusi vya UKIMWI. Lakini shirika la TASO, lililoanzishwa Uganda mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake walioguswa na ugonjwa huo, lilionyesha kwamba anayejua hayuko peke yake hupata nguvu ya kuishi. Kinachomwua mtu moyo ni upweke na aibu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo, vikundi hivi haviwezi kuendeshwa kiholela. Kikundi si mbadala wa hospitali. Mwanakikundi asimshauri mwenzake kuacha dawa, wala kiongozi asijigeuze mganga. Linalosemwa ndani lisitoke nje, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu umo hatarini; hapo ni lazima mgonjwa afikishwe kwa daktari bila kuchelewa.

Yanayotakiwa si mambo ya gharama kubwa. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kumteua muuguzi mmoja wa kukifunza kikundi na kukitembelea. Mkuu wa shule anaweza kutoa darasa moja lililo wazi jioni. Afisa utumishi anaweza kumruhusu mtumishi saa mbili kwa wiki, kama anavyomruhusu anayekwenda kufunga bandeji.

Lakini liko sharti moja ambalo bila hilo yote ni bure: kuhudhuria kikundi kusiandikwe katika faili la mtumishi, wala kusitumiwe kumnyima cheo, kumhamisha au kumsimanga. Mtumishi akiogopa faili kuliko ugonjwa, atachagua kuugua kimya, na taifa litampoteza mwalimu aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima. Kabla ya kuandika barua nyingine ya kumtaka mtu ajieleze, mkuu wa kazi na amwite kwanza, amkalishe, amwulize: Ndugu, unaumwa?