Listi ya staji isipatishe watu haya

Kila mwaka, wakati wa kugawa nafasi za staji, sisi wanafunzi wa masta tunakimbia wote ku valve. Karatasi inabandikwa, kila mutu anatafuta jina lake kwa kidole. Mwenye amepata, wenzake wanamumwangia poda ku kichwa na kuimba. Hiyo ni furaha yetu, hatuombi iishe.

Lakini ku karatasi ile ile kuko pia majina ya wenye hawakuchaguliwa, pamoja na pointi zao, na mara ingine namba ya telefoni. Saa sita haijafika, picha yake imekwisha kuzunguka ku WhatsApp. Mama anapata habari sokoni mbele mutoto wake hajarudi nyumbani. Mwaka uliopita mwenzetu mumoja alikaa wiki mbili bila kuonekana. Hakukuwa mujinga: nafasi zilikuwa chache tu. Na tuseme ukweli: picha ile ni sisi wenyewe tuliituma.

Wengine watasema: «Mukificha majina, njo munafungulia mambo ya kujuana mulango.» Woga huo tunauelewa. Tunajua namna nafasi inaweza kwenda kwa mutoto wa fulani. Lakini majina peke yake hayazuie kitu. Chenye kinazuia ni hiki: hesabu ya nafasi itangazwe mbele, masharti yajulikane, pointi ziandikwe pembeni ya namba ya matrikule, na siku za kulalamika ziwekwe. Hapo kila mutu ataona kama mwenye pointi 58 amepita mwenye 72, na atauliza juu ya nini. Majina yatumwe kwa hospitali ao kampuni yenye itapokea wanafunzi.

Hatuombi huruma. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006 kinampa kila mutu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi, na Code du numérique ya 2023 inalinda habari za mutu.

Basi, wakubwa wa sekretariati, bandikeni namba. Mwenye amepata atajitangaza yeye mwenyewe, na poda haitakosa. Mwenye amekosa, mumuachie nafasi ya kumwambia mama yake kwa kinywa chake mwenyewe.