Mchawi Asiye na Mteja: Usawiri wa Uovu katika Filamu za Kutisha na Kumbukumbu za Mpakani Tunduma

Wahakiki wa filamu za kutisha za Kiswahili hulalamikia zaidi mambo mawili: uduni wa ufundi na uigaji wa mitindo ya Nijeria na Marekani. Malalamiko hayo yana ukweli, ila hayaigusi kasoro iliyo kubwa zaidi, yaani usawiri wa mhusika mwovu. Katika filamu hizi uovu wa kichawi hupewa meno, kucha na kicheko. Hupewa pango, moshi na ngoma. Lakini aghalabu haupewi mnunuzi. Kwa mtazamaji aliyeketi katika banda la video mjini Tunduma, upungufu huo si suala la kifani tu.

Mfano ulio karibu na nyanda hizo ni Nsyuka, filamu ya Mussa Banzi iliyotengenezwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika siku za mwanzo za video za Kiswahili za kutisha. Jina lake limetokana na Kinyakyusa, lugha ya Rungwe na Kyela iliyo jirani na ndugu wa Kindali cha Ileje. Shina lake lina maana ya kufufuka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alionyesha kuwa abasyuka ni mizimu ya wazee waliotangulia: hukasirika, huadhibu, husuluhishwa, na hasira yao daima ina sababu inayojulikana na ukoo. Jina hilo lilipohamia katika jalada la mkanda wa video liligeuka kuwa jina la kitisho. Kilichopotea katika safari hiyo ni ile sababu. Mzimu wa ukoo humwogopesha mtu kwa kuwa unamdai. Zimwi la video humwogopesha kwa kuwa limetokea ghafla. Hofu ya kwanza humfuata mtazamaji mpaka nyumbani, ilhali ya pili huisha taa ikiwashwa.

Wilson alieleza pia imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba walinzi wa kijiji, abamanga, huwaona wachawi na kupambana nao usiku kwa uwezo wa aina ileile. Hapa pana hazina kubwa ya kidrama ambayo haijaguswa ipasavyo: mwovu na mlinzi wanatumia nguvu moja, na kijiji hakina njia rahisi ya kuwatenganisha. Filamu nyingi hulimaliza tatizo hilo kwa mavazi. Mwovu huvaa nyeusi na nyekundu, mwokozi hushika kitabu kitakatifu au usinga, na mtazamaji hubakiwa na kazi ya kusubiri nani atashinda.

Haifai hata hivyo kuzibeza filamu hizi kwa jumla. Shumileta ya mwaka 2005, ambayo nayo ni ya Banzi, imejengwa juu ya jini wa kike anayemtaka mwanadamu, kisa chenye mizizi mirefu katika masimulizi ya pwani, na hatari iliyomo katika mapenzi ya namna hiyo inaeleweka hata pale picha inapokosa uwezo wa kuionyesha. Filamu za kundi hili zina sifa moja isiyotajwa mara kwa mara: sehemu zao za nyumbani. Ugomvi wa mawifi, aibu ya utasa, kijana asiye na kazi akipita mbele ya duka la rafiki yake aliyetajirika ghafla, vyote husawiriwa kwa jicho la mtu anayevijua. Kisha jini hutokea, kompyuta huanza kurusha radi, na yale maswali ya sebuleni hayarudi tena. Kupwaya kwa filamu hizi kumo hasa katika mshono huo, zaidi ya katika damu ya rangi au meno ya kubandika.

Historia ya Songwe inayafanya maswali hayo kuwa mazito. Kabla ya Mkoa wa Songwe kuundwa mwaka 2016, Mbozi, Ileje na Tunduma zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huo ulikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Watuhumiwa walikamatwa, na taarifa za habari zilitaja nchi za upande wa pili wa mpaka, Zambia na Malawi, kuwa njia ya biashara hiyo. Todd Sanders, katika makala yake ya mwaka 2001, aliyahusisha masimulizi ya biashara ya ngozi na zama za soko huria, ambapo kila kitu kilionekana kuwa na bei. Iwapo kila uvumi ulikuwa na ukweli ni suala jingine, waliouawa waliuawa. Jambo la kuzingatia ni muundo wa kisa chenyewe: yupo aliyeshika kisu, yupo aliyeagiza, yupo aliyesafirisha, na yupo wa mwisho, aliyelipa. Katika mji wa mpakani ambao unatazamana na Nakonde, unaopitiwa na reli ya TAZARA na malori yaendayo Zambia na Kongo, huyo wa mwisho hana sura. Hakuna mandhari bora zaidi ya filamu ya kutisha, wala mandhari iliyoachwa ukiwa zaidi.

Wanigeria, wanaodaiwa kuwa chanzo cha uigaji huu, hawakulikwepa suala la mteja. Living in Bondage ya mwaka 1992 inamfanya mteja kuwa mhusika mkuu: Andy Okeke anamtoa mkewe Merit kafara ili apate mali, anaipata, kisha mzimu wa marehemu unamwandama. Wakuu wa chama cha siri ni watu wenye magari na heshima mjini. Waigaji walichukua chama, wakachukua mzimu, wakamwacha Andy. Nyumbani nako mfano ulikuwapo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) Muhammed Said Abdulla anaiacha hofu ya mahali pa mizimu ifanye kazi yake yote juu ya msomaji, kisha Bwana Msa anaonyesha kwamba aliyeua ni mtu, kwa sababu za kibinadamu. Riwaya hiyo haimvunjii mzimu heshima; inakataa tu kumsingizia.

Kusingizia ndilo jambo lenye madhara. Simeon Mesaki ameandika kwa kina kuhusu mauaji ya watuhumiwa wa uchawi Usukumani, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni unatosha kuyaeleza, yamekuwa hati ya mashtaka. Kamera inapomsogelea kikongwe mwenye macho mekundu, muziki ukapanda, mtazamaji hahitaji kuambiwa zaidi. Filamu imetumia ushahidi uleule unaotumiwa na wauaji. Mtengenezaji atajibu kuwa anaburudisha tu. Jibu hilo lingekubalika kama mauaji hayo yangekuwa ya kubuni.

Lipo pingamizi la maana zaidi. Filamu inayoonyesha mteja na bei yake yaweza kuitangaza biashara yenyewe, hasa baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshamiri Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Hofu hii haipuuziki. Hata hivyo, mtindo uliopo tayari unaitangaza, tena bila malipo: kila dawa inayofanya kazi mbele ya kamera ni tangazo la mganga. Serikali ilipowapiga marufuku waganga wapiga ramli mwaka 2015, iliwaelekezea kidole watoa huduma, nao watengenezaji wa filamu wamekuwa wakifanya hivyohivyo kwa muda mrefu zaidi. Mteja, kwa sinema kama kwa sera, ameendelea kuwa mtu anayesubiri nje.

Mwandishi wa muswada atakayekwenda Tunduma hahitaji pango. Foleni ya malori usiku inatosha, pamoja na mtu mmoja mwenye kifurushi asiyejua atakayekipokea ni nani, na ndani ya gari dogo la kifahari lililozimwa taa, mtu wa pili, mpole, mwenye watoto shuleni, anayehesabu fedha bila kuinua uso.