Shing'weng'we Amekufa, Mchezo Ndiyo Kwanza Unaanza

Kuna usemi unazungushwa na wenzetu wanaocheza michezo ya kuigiza mezani, nami naupinga hapa bila kumung'unya maneno. Wanasema: mhusika akishapata nguvu nyingi, mchezo umekwisha. Kusanya dadu, funga daftari, anzeni upya na vijana wasio na kitu. Jamani, huo ni uvivu, tusiuremberembe.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hiyo: mama wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Msimulizi mmoja anaishika dunia, wenzake kila mtu na mhusika wake, na dadu inaamua pale pasipo na uhakika. Mhusika anaanza ngazi ya 1, ambapo hata panya mkubwa anaweza kumtoa roho. Katika toleo la 2014 kilele ni ngazi ya 20. Huko juu mchawi anahama mji hadi mji kufumba na kufumbua, kuhani anafufua wafu. Hapo ndipo wasimulizi wengi wanapochemsha. Wanaleta joka, halafu joka kubwa zaidi, halafu mungu mzima. Mungu akishapigwa, msimulizi anaingia mitini.

Sasa njooni kwetu Usukuma, Bariadi, Maswa na Meatu, mkasikilize habari za Shing'weng'we. Zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua akauliza, mbona tuko wawili tu? Alipoambiwa, akaingia porini kulisaka zimwi. Akarudi na panzi, akishangilia kwamba kamuua Shing'weng'we. Mama akamwambia, mwanangu, huyu ni panzi, tumchome tule. Siku nyingine akaleta ndege. Siku nyingine swala. Mnaziona ngazi hizo? Hakuna kitabu cha sheria wala dadu, lakini zimepangwa.

Mwishowe akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, watu wakatoka. Kwa wenzetu, hapo ndipo pa kufunga daftari. Wasukuma hawakufunga. Wakati wa kulipasua zimwi, kijana alimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bibi akawaka, akataka kumloga.

Tulia hapo, mshikaji. Aliyeua zimwi anashindwaje na bibi? Silaha anayo, lakini hapa silaha haina kazi. Aliyekata ni yeye, mwenye haki ni bibi, na umati wote unatazama. Masala Kulangwa alitafuta dawa akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi.

Hiyo ndiyo ngazi ya juu. Huku chini mchezaji anaulizwa, utaweza? Kule juu anaulizwa, ukishaweza, nani ataumia? Msimulizi anayelijua swali hili hana haja ya kuwanyang'anya wachezaji nguvu zao. Kuhani anafufua wafu? Vizuri, kesho asubuhi kijiji kizima kiko mlangoni kwake na maiti zake. Aanze na nani? Shujaa amekuwa mtemi? Vizuri, mvua haijanyesha. Watemi wa Usukuma walikuwa na banang'oma wa kuwashauri, na ukame ukizidi mtemi aliweza kung'olewa. Mpe mchezaji wako ukame, uone kama upanga wake wa moto utasaidia. Hata hao Gygax na Arneson waliruhusu wapiganaji wa ngazi za juu wajenge ngome na watawale ardhi. Ni sisi tulioruka kurasa hizo.

Watasema hesabu za ngazi za juu zinachosha, pigano moja linamaliza jioni nzima. Ni kweli. Basi punguza mapigano! Nani kakwambia zimwi ndiyo njia pekee ya kumtoa mtu jasho?

Mwingine atasema, bibi si mchawi, basi awe yeye zimwi linalofuata. Ndugu yangu, hapo tutagombana. Huku kwetu, tangu tukiwa Shinyanga na hata baada ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, vikongwe wamekatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Ushahidi? Macho mekundu. Mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka nenda rudi, wakiwapikia hao hao wanaowanyooshea vidole. Mauaji hayo yalitanguliwa na hadithi, na hadithi ilikuwa na msimulizi. Ukimweka bibi mezani ili kijana apate wa kufyeka, usiniambie ni mchezo tu. Simulizi la wazee limempa shujaa dawa, wewe unampa panga?

Na ninyi mnaoandika riwaya msijifiche nyuma ya wacheza dadu. Miswada yetu inakufa siku zimwi linapokufa: ngoma, vigelegele, mwisho. Hilo sikio mmelizika wapi?

Kwa hiyo kikao kijacho, msilete wahusika wapya. Chukueni wale wale walioshinda, na msimulizi amuulize kila mmoja: siku ile ulipolipasua zimwi, ulimkata nani? Jibu likipatikana, rusheni dadu.