Siku 10, kilo 46

Juma lililopita tulizungumza juu ya viza. Juma hili tuingie chumbani, tufungue valizi juu ya kitanda, kwani hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Mama mmoja wa kundi letu hapa Lubumbashi ametuletea ulizo lake. Binti yake yuko Liège, Ubelgiji, anangojea mtoto wa kwanza. Kazini wamempa mama konji ya siku 10 tu. Tiketi inamruhusu valizi mbili, kila moja kilo 23. Na watu 11 wamekwisha kumwambia kwamba wana komisio ndogo ya kupeleka. Apange namna gani?

Tuliketi naye jioni mbili, pamoja na wamama wengine waliokwisha kwenda na kurudi.

Tulianza na siku, siyo na kilo. Kutoka hapa hakuna ndege inayofika Ulaya moja kwa moja. Unabadilisha ndege Addis Ababa, au unapanda kwanza mpaka Kinshasa. Unaondoka mchana, unalala hewani, unafika Bruxelles asubuhi ya kesho yake na miguu imevimba. Kwa hiyo siku ya 1 ni ya njia, siku ya 2 ni ya uchovu, siku ya 9 unafunga mizigo na kuondoka, siku ya 10 unaingia nyumbani. Katika siku 10 zake, mama huyu ana siku 6 kamili za kumshika mjukuu. Alipoziona zimeandikwa kwenye karatasi alinyamaza kidogo.

Hapo tukamuuliza: umepanga kufika lini? Akajibu kama wengi wetu tungejibu: siku ile ambayo daktari amesema mtoto atazaliwa. Sisi tunaona afadhali asifanye hivyo. Mtoto wa kwanza hasomi kalenda. Anaweza kukawia juma nzima, na mama arudi Lubumbashi bila kumwona. Hata akizaliwa siku ile ile, mzazi hukaa siku chache hospitalini na watu wa kumtunza hawakosi. Tena, kule Ubelgiji baba aliyeajiriwa ana haki ya siku 20 za konji mtoto anapozaliwa, na anaweza kuzichukua ndani ya miezi 4. Basi mkwe na azichukue nyingi mwanzoni, na mama afike wakati mkwe anaporudi kazini, pale ambapo binti anabaki peke yake nyumbani na mtoto anayelia, hajui kama ni njaa au ni tumbo. Ndipo siku 6 za mama zinafaa kweli. Kumwosha mtoto, kumkanda mzazi, kupika uji, kumwacha binti alale saa 3 mfululizo: hayo hayafanyiki kwa simu, hata kama saa ya Lubumbashi na saa ya Ubelgiji ni moja wakati wa majira ya joto yao, na zinapishana saa 1 tu wakati wa baridi.

Neno moja juu ya viza, kwani linahusu siku. Karatasi iliyobandikwa ndani ya pasaporti inaonyesha tarehe ya kwanza na ya mwisho, lakini inaonyesha pia hesabu ya siku za kukaa. Hesabu hiyo ndiyo inayokufunga. Tarehe zinaweza kuonekana ndefu, na siku zikawa chache ndani yake. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa.

Sasa kilo. Kilo 46 hazisikiki uzito zikiwa kwenye karatasi ya tiketi. Hapa kwetu unafika uwanja wa ndege na vijana wawili wa nyumbani, kila mmoja ameshika valizi. Kule unashuka Zaventem, unavuta valizi zako mpaka chini ya uwanja kwenye treni, na hakuna kijana wa kukimbia nyuma yako na kigari. Kwenda Liège unabadilisha treni njiani, Leuven au Bruxelles. Treni inasimama dakika chache, mlango una ngazi, unapandisha valizi ya kwanza, unarudi kuchukua ya pili, na moyo unadunda usije mlango ukafungwa wewe uko chini na mzigo uko juu. Kituo cha Liège-Guillemins ni kizuri sana, vyuma vyeupe na vioo mpaka juu, kina lifti. Lakini nyumba ya binti iko ghorofa ya tatu, na haina lifti. Tukamwambia mama ajaribu hapa hapa: ajaze valizi moja kilo 23, aipandishe peke yake ngazi za ofisi yetu. Alifika katikati. Uamuzi wake, na sisi tunaukubali, ni valizi moja ya kilo 23, na ya pili isipite kilo 12.

Zimebaki kilo 35 kwa watu 11 na mtoto mchanga.

Hapa ndipo penye ugumu wote. Komisio si mzigo tu. Ni wifi aliyekupikia ulipougua, ni jirani aliyekukopesha wakati likelemba haijakufikia. Ukikataa, watasema umeanza kujivuna kabla hata ya kupanda ndege. Ukikubali zote, utafika kwa binti yako ukiwa posta. Tuliandika anwani za wale 11: watano Bruxelles, wawili Antwerpen, mmoja Charleroi, mmoja Liège, wawili Paris. Kutoka Liège mpaka Antwerpen ni kama muda wa saa 2 kwa treni, na saa 2 za kurudi. Paris ni zaidi ya saa 2 kwenda tu, na nauli yake si ya kuchezea. Akipeleka zote mlango kwa mlango, siku 6 zinaisha, na mjukuu ataonekana usiku akiwa amelala.

Wamama waliokwisha kusafiri walitupa sheria wanayoifuata, nasi tunaipenda kwa sababu haimtukani mtu. Ni hii: kilo 1 kwa kila mtu, mfuko uwe wazi, na mwenye kupokea aje mwenyewe kuchukua. Aje uwanja wa ndege asubuhi ya kufika, au aje Liège siku moja iliyopangwa, na chai atakunywa. Atakayesema ni mbali, basi komisio yake haikuwa ya haraka. Lakini sheria hii itangazwe siku ile ile ya kununua tiketi, mbele ya watu wote, siyo usiku wa mwisho mlangoni na mtu amekwisha kuja na gunia. Ukisema mapema ni utaratibu, ukisema usiku wa mwisho ni chuki.

Na mfuko uwe wazi kweli. Kwenye kaunta watakuuliza kama ulifunga valizi mwenyewe. Kilichomo ndani ni chako mbele ya polisi, hata kama ni cha mtoto wa mjomba. Funga kila kitu kwa mikono yako, mwenye mzigo akiwa anatazama. Atakayekasirika, mrudishie mfuko wake palepale.

Tazama pia kinachoweza kuingia. Nyama yoyote, ikiwa mbichi, ya kukauka au ya kuchoma, hairuhusiwi kuingia Ulaya kutoka kwetu, wala maziwa na jibini. Nyama ya pori ni mbaya zaidi, inaleta faini na maulizo mengi. Samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa mtu, wakiwa wamekaushwa vizuri au wamesafishwa matumbo. Basi ndagala wa Kalemie wana njia. Majani mabichi kama sombe na matembele yanadai cheti cha afya ya mimea, na bila cheti yatatupwa mbele ya macho yako. Nanasi, ndizi na nazi hazidai cheti hicho. Zawadi na vitu vipya kwa anayefika kwa ndege visipite thamani ya euro 430. Mwenye kupakia vitenge 20 vya kuuza ajue kwamba hiyo si zawadi tena. Kitenge cha yadi 6 chenyewe huzunguka kilo moja, basi vitenge 10 ni kama nusu ya valizi.

Lakini swali letu ni jingine: kwa nini kubeba kile kinachouzwa kule? Bruxelles, upande wa Ixelles karibu na Porte de Namur, kuna Matonge, iliyopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Sombe iko pale, makayabo iko pale, unga wa mihogo na mawese viko pale. Walioko Paris wana Château Rouge. Bei ni kali kuliko ya soko la Kenya, hatukatai. Lakini weka pembeni yake mgongo wako na kilo za kulipia uwanjani, kisha uone ipi ni ghali. Katika zile komisio 11, saba zilikuwa chakula ambacho mwenyewe anaweza kukinunua kwa matembezi ya jioni moja. Wenyewe walipoelezwa kwa upole, wanne waliondoa mifuko yao, na mmoja akacheka akasema alitaka tu mtoto wake ajue kwamba bado anakumbukwa. Tukamwambia aandike barua. Haina kilo.

Cha kubeba ni kile kisichouzwa. Unga wa uji uliosagwa na mkono unaoujua. Kitenge cha zamani, kile laini cha kumbebea mtoto mgongoni, siyo kipya kinachoteleza. Ndagala kidogo. Dawa za mama mwenyewe, ndani ya boksi zake pamoja na karatasi ya daktari, na hizo zikae katika mfuko wa mkononi, kamwe siyo ndani ya valizi inayoweza kupotea Addis. Katika mfuko huo aweke pia nguo za siku moja na sweta. Mawese yakae katika valizi kubwa, chupa ndani ya mifuko mitatu, kwani mkononi kitu cha majimaji kisipite mililita 100.

Moja katika zile komisio ilitushinda. Mama mzee wa jirani hakuleta gunia. Alileta kitenge kimoja na picha tatu, za kumpa mtoto wake wa kiume aliyeko Antwerpen, ambaye kwa miaka miwili hapigi simu, na anwani ni ya zamani. Kwa sheria yetu mtu huyo angepaswa kuja Liège mwenyewe. Hatakuja. Tulibishana sana jioni ile. Wengine walisema siku 6 ni za mjukuu, basi. Wengine, na mama mwenyewe alikuwa kati yao, walisema kwamba mzee yule anahitaji mtu amwone mtoto wake kwa macho, arudi kumwambia kama amekonda au amenenepa. Sisi tunaona hiyo moja inastahili siku nzima, hata kama mlango hautafunguliwa. Mama ameiandika siku ya 6, asubuhi, mkwe akiwa amekubali kukaa na mtoto.

Kuhusu kurudi: ile valizi ndogo aiingize ndani ya kubwa wakati wa kwenda kama vitu vinaenea, au airudishe tupu. Kule pia watu wana komisio, na za kule ni viatu na simu. Kilo 1, mfuko wazi, mwenyewe aje uwanjani.

Mizani ya kundi, ile ya kuning'iniza, iko kwa mama mtunza vitu. Anayesafiri aichukue siku tatu kabla, siyo usiku wa mwisho, na airudishe Jumamosi kwani wamama wa samaki wanaihitaji.