Funga Kitabu Ndipo Usome

Msimu wa mtihani wa KCSE unapokaribia, taa za madarasa huku kwetu Malindi na Kilifi huwaka mpaka usiku mwingi. Mzazi akipita njiani akaziona, moyo humtulia, akasema watoto wanasoma. Lakini jamani, na tuulizane kwa ukweli: wanasoma, au wanatazama vitabu?

Mwangalieni kijana wa kidato cha nne. Saa moja ya jioni hufungua daftari la jiografia, kalamu ya wino wa manjano mkononi. Hupaka mstari huu, akapaka na ule, hata ukurasa mzima ukawa manjano. Akifika mwisho hurudi mwanzo. Mara ya tatu kila sentensi huiona kama jamaa yake, akajiambia, "Hili nimeliweza." Siku ya mtihani anatakiwa aeleze bila daftari, na kalamu inagoma. Kijana huyo si mvivu: saa amezitoa na usingizi amejinyima. Kosa ni kwamba usiku kucha akili yake haikudaiwa chochote. Kusoma namna hiyo ni kuteka maji kwa pakacha.

Kulitambua jambo likiwa mbele ya macho ni mbali, na kulitoa kichwani likiwa halipo ni mbali. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fulani kwa vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika liliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: wao walikumbuka kama asilimia 40, na wale wa kujipima asilimia 61. La ajabu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kuwa hawatasahau.

Wala hatukuwa na haja ya kungoja Wamarekani watuambie. Nenda chuoni, katika mtaa wowote wa Malindi, Mambrui au Takaungu, umtazame mtoto anayehifadhi Kurani. Husoma aya zake, kisha msahafu hufungwa, akaketi mbele ya mwalimu na kusoma kwa moyo. Akikosea hurudishwa papo hapo. Hapewi somo jipya mpaka la jana limsimame, na ya zamani hudurusiwa yasipotee. Mtoto huyo huyo akiingia shule ya serikali huiacha adabu hiyo mlangoni, akaona kusoma ni kukodolea macho ukurasa!

Wapo watakaonijibu kwamba huko ni kukariri tu, na kukariri hakumfundishi mtu sayansi. Wana haki kwa kiasi chao. Atakayekariri sheria za fizikia pasipo kuzielewa ataumbuka swali likigeuzwa kidogo. Lakini ninachotaka tukiazime ni kule kufunga kitabu, kujaribu na kusahihishwa. Kwa masomo ya shule tuongeze swali moja: kwa nini?

Kitabu cha jiografia husema matumbawe hukua katika maji ya chumvi yenye joto, ya kina kifupi na yasiyo na tope. Atakayepaka maneno hayo rangi atayasahau. Lakini kijana wa Malindi na ajiulize: kwa nini miamba mizuri ya matumbawe iko upande wa hifadhi ya bahari, kusini mwa mji, na karibu na mlango wa mto Sabaki mwamba umekatika? Na akumbuke rangi ya bahari mvua za masika zinaponyesha bara, mto ukashusha udongo mwekundu. Akiunganisha mambo hayo mawili kwa akili yake, somo limekuwa lake, na mtahini na aligeuze swali apendavyo.

Msiniambie hatuna umeme, hatuna vitabu, na watoto wana kazi za nyumbani. Njia hii ndiyo njia ya asiye navyo, maana haihitaji taa wala bando. Binti aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi anaweza kumweleza mdogo wake jinsi damu inavyozunguka mwilini. Pale atakapokwama, ndipo pa kusoma tena.

Nanyi walimu, kumsomea mwanafunzi noti azinakili kipindi kizima ni kuuchosha mkono wake na kuilaza akili yake. Zitoeni dakika za mwisho, madaftari yafungwe, kila mmoja aandike alichokipata. Nasi wazazi tuache kuwafanyia watoto kazi walizopewa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, unataka mtoto atende. Tukitenda sisi, alama ni zetu na ujinga ni wake. Tusiulize tena, "Umesoma?" Tuseme, "Hebu nieleze ulichosoma." Hata mama asiyeingia darasani maishani mwake anajua mwanawe anapobabaika.

Basi, enyi vijana, anzeni leo. Soma ukurasa mmoja. Ufunge. Andika unayoyakumbuka. Fungua, ujisahihishe bila kujihurumia. Rudia kesho, urudie na wiki ijayo. Utaona uzito, na pengine utaona haya kwa uchache wa unachokijua. Usiukimbie uzito huo, kwani hapo ndipo elimu inapoingia. Anayeogopa kuyaona mapengo yake leo akiwa peke yake, atayaona Novemba mbele ya msimamizi wa mtihani, na wakati wa kuyaziba utakuwa umekwisha.