Maumivu Kuisha Si Kupona



Sisi makapita wa shule tunapenda kusema neno juu ya wale wanaoumia kwa mupira. Mwaka uliopita mwenzetu alikatika kano ya goti, akapasuliwa. Akatembea na magongo, halafu akayaacha. Mwezi wa 5 tukamuuliza: "Uko muzima?" Akajibu: "Haiumi tena." Basi tukamupanga acheze. Ni sisi tuliomupanga, hakuna mwingine. Goti likageuka tena, na mpaka leo anapanda ngazi akishika ukuta.

Kosa letu lilikuwa kuamini maumivu. Kumbe maumivu hutangulia kuondoka, nguvu ya muguu hukawia kurudi. Baada ya kupasuliwa kano kama ile, waganga wengi wa viungo hushauri kungoja walau miezi 9.

Siku hizi katika nchi nyingine mgonjwa hufungwa pajani na chini ya goti vidude vidogo vinavyoitwa sensa. Ni ndugu za kile kilicho ndani ya telefone, kinachofanya picha igeuke ukiilaza. Sensa huhesabu hatua, hupima goti linakunjwa kiasi gani, tena huonyesha kama muguu mmoja unakwepa kazi. Kapita anaweza kudanganywa kwa neno "niko muzima". Kile kidude hakisikii maneno. Lakini hakijui woga wala uchovu, kwa hiyo muganga ndiye anayeamua.

Wengine watasema: "Hayo Bunia tutayapata wapi?" Ni kweli, shuleni hatuna. Lakini wazo lake halina bei: linganisha muguu uliougua na ule mzima. Hata metre ya fundi wa nguo inatosha. Muganga akiruhusu, unaruka kwa muguu mmoja, unapimwa, halafu mwingine. Uliougua ukifika 90 kwa 100 ya ule mzima, ni dalili njema, ingawa si ya pekee.

Basi tunaomba mambo matatu. Kila aliyeumia awe na daftari la vipimo vyake. Asiingie kiwanjani bila ruhusa ya muganga. Na sisi makapita, pamoja na ninyi mnaopiga kelele pembeni, tusimwite mwoga yule anayengoja. Match itarudi muhula ujao. Goti ni lile lile.